Tarehe Kumi na Tano

Mwenye duka la maua, Barabara ya Perth,
ananiuliza rangi. Nyekundu, bila shaka?
Nje mvua imeshindwa kuamua iwe theluji ama ibaki mvua,
na dirishani pake mioyo ya karatasi
imening'inia kwa uzi kama nyama buchani.

Nasema sijui. Naomba nishike moja.

Sentimita sitini. Tumba limefumbuka nusu.
Miiba imeparuliwa vizuri
na mkono unaojua haraka, unaomwogopa msimamizi.
Nilikuwa nambari arobaini na moja, meza ya tatu, Naivasha.
Januari ikishakatika hatukulala:
kuna watu Ulaya, tuliambiwa, hawawezi kupendana
bila sisi kumaliza makasha mia tisa kabla ya alfajiri.
Tulicheka. Vidole havikucheka.
Chumba kile kilikuwa baridi kuliko Dundee hii, nakuapia,
na ua moja hapa linauzwa
kwa nilicholipwa kutwa nzima, na nauli juu.

"Basi tuoane siku ya pili yake," akasema Fergus,
tukiwa jikoni, bili ya gesi imelala kati yetu.
"Tarehe kumi na tano kila kitu nusu bei."
Huyu ndiye mwanamume niliyempata:
fundi wa mapaa, maneno yake kama misumari,
machache, na kila moja limeshika.

Kwa hiyo tunapanga.
Hakuna baluni. Hakuna njiwa wa kukodi.
Mishumaa myeupe, mifupi, mingi.
Watu ishirini na sita, ghorofani juu ya mkahawa
wenye dirisha linalotazama mto Tay na daraja la reli,
saa nane mchana, maana kufika saa kumi na moja unusu
giza limeshaumeza mji.
Supu ya kondoo kwanza, watu wafufuke.
Pilau baadaye; mama yake Fergus ameshauliza mara tatu
kama hiliki hutafunwa au hutemwa.
Gauni rangi ya maziwa, mikono mirefu,
na chini yake, siri yangu,
suruali ya sufu na soksi za kazi za bwana harusi.

Shangazi Mshai amenitumia sauti kutoka Voi,
jogoo akimkatiza:

     Ndoa yako ya theluji, vaa viatu vizito,
     Hata akiwa mpaji, usimgeuze mto,
     Penzi halitaki taji, lataka chai na moto,
     Mkiwa wawili, joto; baridi haina kwake.

Nimeisikiliza kwenye basi mara nne.
Mzee wa kiti cha jirani akaniuliza kama ni sala.
Nikamwambia, karibu.

Maua, je?
Nyuma ya kibanda cha mama yake Fergus
yametoka madogo, meupe, vichwa chini,
yamepasua theluji bila kumwomba mtu ruhusa.
Tutayatia kwenye vikombe vya mayai.
Hayana nambari. Hayakupanda ndege.

Nilidhani nimemaliza hapo.
Lakini leo, tarehe kumi na nne, nimetoka zamu
nikapita tena Barabara ya Perth, duka linafungwa,
ndoo moja bado imejaa.
Nimechagua waridi moja, nimelipa bei kamili,
bei ya leo; sikutaka ya kesho.
Kituoni nimekunjua plastiki, nikasoma kibandiko:
nchi, shamba, siku ya kukatwa,
na pembeni, kwa kalamu, nambari ya aliyefunga.

Kumi na saba.

Simjui. Labda saa hizi amelala na viatu.
Nimempigia mwenye mkahawa:
watu ishirini na saba, nimesema,
ongeza kiti, na sahani,
karibu na dirisha kama nafasi ipo.