Breki Isiyokanyagwa

Gari lako liko juu ya jeki, Kizota, saa nne.
Ulilileta ukijisifu: miaka mitatu hujanunua pedi,
ukiinua mguu tu mota yenyewe inalizuia,
na betri inashiba
kila ukiteremka kutoka Mlimwa.

Kweli. Pedi nene kama zimetoka dukani jana.
Lakini shika hapa, Chilewa, usiogope kuchafuka:
diski ina kutu, rangi ya udongo wetu
baada ya mvua ya kwanza.
Pini za kalipa zimeganda,
vumbi la Nzuguni limeoana na grisi.
Nimegonga nyundo hadi mwanangu kaamka.

Zamani nilikula kwa breki zilizolika.
Sasa nala kwa zilizolala.

Basi, mara moja kwa wiki,
barabara ikiwa tupu, kanyaga.
Kanyaga hasa, diski ijisugue, ipate moto.
Usingoje ng'ombe wa mtu akatize
ndipo ukumbuke una breki.

Grisi elfu kumi na mbili. Ufundi, tutaelewana.
Na yule dada yako wa Hombolo,
mliyegombania shamba la zabibu,
umempigia?