Sekunde Kumi na Moja

Chiromo, ghorofa ya tatu. Dirisha linatazama mto
na mikuyu inayodondoshea matunda magari ya maprofesa.
Kazi yangu ni kusikiliza. Nalipwa shilingi arobaini
kwa kila dakika ya sauti niliyoinukuu,
na dakika ya kuinua kichwa haina malipo.

Sauti zimetoka zahanati ya Kangemi, zilikusanywa Julai,
mwezi ambao Nairobi hujifunika wingu kama blanketi la wodi.
Maswali ni tisa. Yalivuka bahari yamevaa suti;
tukayavua koti, tukayavisha leso,
lakini viatu bado vinabana.
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa hamu ya kufanya mambo?
Mambo gani, aliuliza fundi wa viatu, mshiriki wa kumi na saba.
Hamu ninayo. Ngozi ndiyo sina.
Nikaandika. Kwenye safu ya alama wakaweka sifuri.

Ochola ndiye anayeifunza mashine,
kijana mpole, hula karanga na ndizi mbele ya kioo chake.
Agosti alituita tuone:
mama mmoja amesema, mimi nina mawazo, mawazo mengi,
na mashine, kwa uhakika wa asilimia tisini na nne,
imemtia katika kundi la wabunifu.
Tulicheka. Daktari Jerotich alicheka hadi akavua miwani.
Halafu hakuivaa tena kwa muda.

Maana kila mtu chumbani alilijua neno lile.
Mawazo: yale yaliyomlaza mjomba wangu miezi mitano
akihesabu mabati. Yale ambayo shangazi
aliyaita malaria, kwa kuwa malaria ina dawa.
Lugha ilitupa neno moja kwa taa na kwa moshi wake,
tukaishi humo bila kugongana,
tukijua kwa sauti tu ni lipi limesemwa.

Mshiriki wa arobaini na moja. Swali la tisa.
Sitaliandika hapa. Aliyewahi kuulizwa analijua.
Mhoji anasoma polepole, kisha jibu: hapana.
Imenyooka kama msumari. Nikaandika hapana.
Ila nyuma yake honi ya lori
ilikuwa imeanza mbali na haikufika popote.

Nikauliza. Ochola akasema, bila ubaya,
programu hukata kimya kinachozidi sekunde mbili;
kimya hula nafasi, na nafasi tunaikodi.

Nikaomba faili ya kwanza, ambayo haijaguswa.
Sekunde kumi na moja.
Lori linapita lote, mpaka tela.
Ng'ambo ya ukuta mtoto anakariri hesabu,
anakwama kwenye saba mara nane.
Kiti kinalia. Pumzi inaingia, haitoki.
Karatasi ya mhoji inatulia.
Kisha hapana, ile ile, sasa imelowa.

Sikujua niiandike vipi. Mwongozo wetu wa unukuzi
una alama ya kicheko, ya kikohozi, ya mlango.
Nikafungua mabano, nikayafunga, ndani sikutia kitu.
Jerotich aliyatazama. Hakunijibu.
Alikuwa tayari anampigia muuguzi wa Kangemi.

Makala itatoka mwakani, na majedwali yake sita.
Mashine sasa inatunza vimya,
gharama imepanda, mfadhili ameandika barua kuuliza.
Yule wa arobaini na moja alipatikana, nasikia;
alikuja na mfuko wa sukuma wiki ambazo hakuziuza,
akaketishwa, akaulizwa bila fomu.
Zaidi ya hapo si haki yangu kujua.

Jana usiku mama alipiga simu kutoka Mwingi.
U mzima, Kavutha?
Nikasema, mzima.
Akanyamaza kidogo. Sijui nilikawia kiasi gani kujibu,
lakini nadhani yeye alihesabu.