Fundo

Walifika Hombolo na kamera, kiangazi,
wakaniomba nipokee simu ambayo haikulia.
Mara tatu. "Mama Nyemo, usitabasamu."
Nikasema haloo kwa hewa.

Zabibu zilikuwa zinanyauka shambani, hawakuzitaka.
Walitaka kiti chake kitupu.
Nikaazima kwa jirani; cha kwetu
kilivunjika mwenyewe akiwa amekikalia.

Leo inaonyeshwa.
Ndahani, sekunde nne,
Kongo, mvua, kainama, uso hauonekani,
anafunga kamba za buti
kwa lile fundo lake bovu
ninalomtania tangu uchumba.

Msimulizi, sauti nzito: mashujaa.
Nyemo anauliza, baba yuko wapi?
Namwonyesha kidole, limeshapita,
sasa ni mimi mlangoni,
haloo, haloo.

Narudisha nyuma
afunge tena.