Miguu ya Nyuma

Kila Januari, katika bonde hili la Wales,
ukumbi wa kanisa la zamani
unanuka rangi mbichi, soksi na machungwa,
na sisi wa Chama cha Maigizo, wastaafu wa posta,
dada wawili wa duka la dawa,
kijana anayerekebisha lifti,
tunajifanya watu wengine kwa siku nne,
tano kama theluji haijafunga barabara.

Mwaka huu hadithi ina jitu, ina mwoka mikate,
ina ng'ombe anayekamuliwa sarafu.
Mama wa mwoka mikate ni Idwal wa bucha:
matiti ya baluni, wigi la zambarau,
ndevu zimeshaota tena ifikapo saa kumi.
Anarusha peremende. Watoto wanazigombea
kama kuku mtama.

Mimi ni ng'ombe.
Si ng'ombe mzima. Ni miguu ya nyuma,
mkia, na ile kamba ya kumwaga sarafu.
Miguu ya mbele ni Meurig,
mume wangu kwa miaka kumi na mmoja,
ambaye hatujasemezana tangu tugawane vijiko.

Kamati iliketi, ikanywa chai, ikasema:
nyinyi wawili mnajuana hatua.
Nikasema, afadhali niuze tiketi.
Eirlys, katibu, akafunga daftari:
tiketi zina mtu.

Basi nimeinama, pua mgongoni mwake,
mikono kwenye mkanda wake wa suruali,
mkanda uleule, na lile tundu la ziada
nililolitoboa mwenyewe kwa msumari.
Ng'ombe haelemewi na nunduye, wahenga wamenena.
Wahenga hawakuvikwa zulia kuukuu
chini ya taa kali,
nundu yenyewe ikiwa kichwa chao.

Mazoezi yote alizungumza na hewa:
Kushoto. Ngazi. Simama.
Nami nikaijibu hewa kwa visigino.

Jumamosi, onyesho la mchana, watoto mia na ushei.
Jitu linamnyemelea Idwal
na ukumbi mzima unalipuka: Nyuma yako!
Wapi?
Nyuma yako!
Anageukia upande usio, kama kila mwaka.
Hayupo, anasema.
Yupo!
Hayupo!
Yupo!
Na bibi mmoja wa safu ya mbele,
anayekijua kichekesho hiki tangu hajaota meno,
anafuta machozi kwa skafu.

Humo ndani, gizani, ng'ombe akasimama.
Hatukuwa tumeelekezwa hivyo.
Nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka,
kisha mkono ukarudi nyuma, ukipapasa.
Upo?
Neno moja, na si la jukwaani.
Nililingoja neno hilo mezani
hadi mchuzi ukaganda, sijui mara ngapi.
Nje walikuwa wanapiga kelele: Yupo! Yupo!
Nikamwambia, mguu wa kulia, mjinga wewe,
Idwal anatungoja.
Tukaenda. Nikavuta kamba. Sarafu zikamwagika,
nyingine zikabingirika hadi kwa mpiga piano.

Pazia liliposhuka, zipu ikagoma.
Wenzetu wakafuta nyuso zao kwa mafuta,
jitu likashuka kutoka kwenye viatu vyake,
likawa Geraint wa lifti, likaenda kununua chipsi.
Sisi tumeketi juu ya sanduku la nyaya,
kichwa cha ng'ombe magotini pa Meurig,
mimi nimechomoza pale mgongo uliposhonwa vibaya,
tunangoja koleo.

Nina peremende ya mnanaa, anasema.
Mfuko wa nyuma.
Naujua, nasema.

Idwal anarudi mikono mitupu,
titi moja limepasuka,
anauliza kama mkasi utafaa.
Usikate, Meurig anasema. Ngozi hii ni ya chama.
Itahitajika mwakani.