Mechi

Alhamisi, Redruth. Mvua imeng'ang'ania dirisha,
uwanja umekuwa uji, mechi imeahirishwa,
na mbele yangu watoto ishirini na sita
wamenuna, viatu vya njumu vikavu miguuni.

"Basi tuichezee humu ndani," nikasema,
nikaandika ubaoni neno moja tu la Kiingereza chao,
neno lenye mifuko mingi kama koti la fundi bomba.
"Mechi ni nini?"

Denzil hakusubiri kuitwa:
"Ni timu mbili, mpira mmoja,
na baba yangu akimzomea refa."
Sawa. Huo mfuko wa kwanza.

Loveday akasema hapana,
mechi ni kijiti.
Bibi yake huviweka kwenye kopo la kakao juu ya jiko;
umeme ukikatika anakwaruza, chwaa!
na kinachotoka gizani kwanza ni pua ya bibi,
halafu bibi mwenyewe.

"Haiwezekani!" wakapiga kelele. "Mpira hauwaki!"
Nikawaambia neno halina wivu,
linalala nyumba hii na nyumba ile
na kote linaitika.

Merryn akapandisha mguu mezani (nikaujifanya sijauona):
soksi ya kijani huku,
soksi ya mbweha kule.
"Mama anasema hizi hazimechi."
"Zinamechi," akasema Jory, "zote zina tundu."

Na Piran naye, midomo ikimcheza kwa kicheko:
paka wao, mbabe wa mtaa mzima,
jana alikimbizwa na bata bukini
mpaka juu ya paa la banda la baiskeli.
Baba yake akasema, huyo leo kapata mechi yake.
Yaani kiboko yake. Yaani wa kumtoa jasho.

Maana nne. Ndizo nilizoziandaa jana usiku
kando ya kikombe cha chai kilichopoa.
Nilikuwa nafunika kalamu.

"Kaka yangu anasubiri mechi."

Elowen. Tangu Septemba
sikumbuki amesema sentensi nzima.

"Anachezea timu gani?" Denzil akauliza.

"Hachezi. Yupo hospitali, Truro,
kitanda cha dirishani.
Anasubiri figo.
Ya mama haikumechi. Yangu mimi bado ndogo."

Mvua tukaisikia upya.
Nikatafuta neno la mwalimu, sikulipata;
kalamu ikanikaukia mkononi.

Merryn akashusha mguu polepole.
"Kama soksi?"
"Kama soksi," Elowen akasema,
"ila ya ndani, huwezi kuichungulia.
Daktari ndiye anayejua."

"Bibi hukwaruza hata mara sita," akasema Loveday,
"vikishika unyevu.
Hatupi kopo."

Piran akataka kujua kama inauma.
Jory akataka kujua figo ina ukubwa gani,
Elowen akakunja ngumi, akawaonyesha,
na ngumi ishirini na tano zikainuka darasani
kupima.

Denzil peke yake alibaki amekunja uso,
kama mtu anayehesabu magoli.
"Lakini hawajaifuta, sivyo?
Imeahirishwa tu."

Elowen akafikiri.
"Ndiyo," akasema. "Imeahirishwa."

"Basi ipo," akasema Denzil,
akainama kufunga kamba za viatu.