Mawe ya Mizani

Daktari hakuzunguka. "Mzee Ejoku,
hili ni jongo, limekaa kidole gumba cha mguu,
na aliyelikaribisha ni nyama."
Baba akacheka. Miaka thelathini na mmoja
alikuwa na bucha nyuma ya soko la Soroti,
kiganja chake kikijua kilo kabla ya mizani,
leo anaambiwa adui ni ng'ombe.
"Wamelipiza," akasema. "Nao wana haki yao."

Nikaanza na karanga.
Zile nyekundu, ndogo, za shambani Serere,
si zile nene za kufurahisha macho.
Nilizikaanga bila mafuta, moto wa kunong'ona,
mpaka maganda yakaanza kujivua yenyewe;
kisha ungo, kisha pumzi.
Maganda yakanikaa kwenye nywele,
kuku wa jirani wakaja mbio, wakapata hasara.

Jiwe la kusagia ni la mama.
Lina bonde katikati ambalo hakulichonga fundi,
ni mikono yake, asubuhi juu ya asubuhi.
Nikipiga magoti, magoti yangu
yanaangukia palepale.
Karanga kwanza hubisha, huwa mchanga,
halafu huwa udongo, halafu
(hapo usiache, Asekenye, hapo ndipo wavivu huacha)
hukubali, hutoa mafuta, hung'aa
kama paji la mtu aliyefika kwa miguu.

Ukwaju nililoweka tangu jana.
Tangawizi. Vitunguu saumu, punje tatu, au nne.
Pilipili moja, ile fupi yenye roho mbaya.
Asali. Chumvi. Maji ya vuguvugu kidogo kidogo
mpaka rojo likateleza mgongoni mwa kijiko bila haraka.
Mimi, binti wa mtu wa mizani, sikupima kitu.
Nilionja, nikakunja uso,
nikaongeza asali, nikaonja tena.

Lakini tofu ilikuwa inalia maji.
Nimeikamua mwenyewe kwa soya na kitambaa cha kanga,
na kitu kilichojaa maji hakinywi kingine.
Nikatafuta tofali. Baba akanitazama,
akaingia chumbani akichechemea,
akatoka na gazeti la zamani lililofungwa kwa kamba.
Ndani, mawe yake ya mizani:
kilo mbili, kilo, nusu, robo,
meusi, yamelainika kama visigino.
Akayapanga juu ya tofu, moja baada ya jingine,
kwa adabu ambayo sijamwona nayo hata kanisani.
Maji yakachuruzika mezani.
"Haya," akasema, "mteja asingeyalipia."

Tempe alileta Kevina wa nyumba ya pili,
soya iliyolala siku mbili ndani ya jani la mgomba.
Alipofungua, ukungu mweupe, mnene,
kama manyoya ya kifaranga wa jana.
Baba akarudi nyuma hatua moja.
"Mimi nilitozwa faini kwa kidogo kuliko hiki."
Kevina hakujibu. Alikata kipande,
akakichovya kwenye rojo, akakitafuna kikiwa kibichi,
akaangalia barabara.

Usiku kucha vikalala pamoja kwenye bakuli,
weupe wa tofu ukigeuka rangi ya ukuta wetu.
Mara mbili nilisikia mfuniko ukifunuliwa.
Mara mbili nilijifanya nimelala.

Asubuhi sigiri ilikuwa imewashwa kabla yangu
na kisu kilikuwa kimenolewa.
Alikata vipande vya upana mmoja,
akatafuta mwelekeo wa nyuzi, hakuuona,
akachagua mmoja.
Rojo likadondoka kwenye makaa, likafoka,
moshi ukatambaa juu ya ua
mpaka mtu akapaza sauti kutoka njiani:
"Ejoku! Umefungua tena?"

Baba alitafuna muda mrefu.
Nilihesabu vyombo visivyohitaji kuhesabiwa.
"Haina mfupa," akasema mwishowe.
Nikanyamaza.
"Sasa mbwa atakula nini?"
Akasogeza sahani karibu yake,
akachukua kipande cha pili,
kile kilichoungua pembeni.