Kipindi cha Tatu, Alhamisi

Kitabu cha wizara kimetenga ukurasa mmoja na nusu.
Nusu yenyewe ni picha: wanaume wawili wenye makoti mazito
wakipeana mikono kana kwamba kila mmoja anapima uzito wa mwenzake.
Chini yake, swali la kwanza: Taja sababu tatu za uhasama.

Nje ni nyika ya Kazakhstan, na theluji ya Machi imekataa kuondoka.
Bomba la jiko la makaa linakohoa.
Ninao watoto kumi na tisa na dakika arobaini na tano
za kupitishia miaka arobaini na kitu.

Nikaanza kama nilivyofundishwa:
madola mawili, kila moja likijiita jua,
kila moja likiapa kuwa lile jingine ndilo giza.
Moscow ikarusha mbwa angani, Washington ikapanda mwezini.
Huku wakahesabu makombora, kule wakahesabu,
wakarudia tena usiku, kitandani, wakaona hayatoshi.
"Walipigana?" akauliza Sanjar.
"Wao kwa wao, hapana."
"Basi hiyo ilikuwa vita ya namna gani?"

Nikamwita mbele, yeye na Nurlibek,
mafahali wa darasa, shingo kama magogo.
Viwiko juu ya dawati, kiganja kwa kiganja.
"Bila kupigana," nikasema. "Msishindwe tu."
Darasa likagawanyika bila kuombwa:
wa dirishani na wao, wa jikoni na wao.
Hata Bibigul, aliyegawana mkate na Nurlibek juzi tu,
akamzomea kana kwamba alizaliwa kumzomea.
Mishipa ikatutumka. Mikono haikwenda kulia wala kushoto.
Nilitaka wachoke. Ndilo lililokuwa somo langu:
mmoja huchoka, na mwenzake huuita uchovu huo ushindi.

Lakini dawati lile ni bovu, mguu wake mmoja mfupi,
na Akbota, mdogo kuliko wote, alikuwa amechutama chini
akilishika lisiyumbe. Hakuna aliyemtuma.
Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kuomba radhi:
"Mwalimu, kidole changu."

Nilimfunga kwa leso yangu. Kengele ilikuwa bado.
Ndipo nikawaambia lisilo kitabuni:
kwamba hapa hapa, wanapochunga kondoo,
askari walikuja wakawatoa bibi zao nyumbani,
wakawalaza kifudifudi, wakasema msitazame.
Mama yangu alitazama. Alikuwa na miaka saba.
Alisema jua lilichomoza upande usio wake,
kisha vikombe vikacheza rafuni vyenyewe,
na mbwa wao hakurudi.
Alisema lilikuwa zuri.
Hilo ndilo hakujisamehe.

"Na kwa wale wengine?" akauliza Nurlibek, akisugua kiwiko.
Nako kuna jangwa, nikamwambia, Nevada,
na labda mwanamke aliyekwenda kuanua nguo kambani
akazikuta na vumbi asilolijua, akazikung'uta, akawavika wanawe.
Hakumjua mama, wala mama hakumjua.
Walishika meza moja.

Mei ukaja mtihani.
Taja sababu tatu za uhasama.
Akbota aliandika mbili, sahihi, kwa mwandiko wake wa duara.
Ya tatu akaandika: Kwa sababu meza haikuwa yao.

Mwongozo wa kusahihisha hauna jibu hilo.
Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa,
kalamu nyekundu mkononi, nikitazama dirishani.
Nyasi zilikuwa zimeota, ndefu, nzuri kupita kiasi,
na kondoo wa mtu walikuwa wakizila.